Mbuzi Aliyefichwa Tengani

Usiku wa kuamkia Idi Kubwa mwaka jana nilikuwa nimeshavunja nazi nne, vizio vinane vimepangwa kwenye sinia, maji yake yameshagombaniwa na kunywewa, na mbuzi haionekani. Mahali pake ni uvunguni mwa kitanda chetu, upande wa ukutani, nyuma ya boksi la viatu. Cha mvunguni sharti uiname. Nikainama, nikalala kifudifudi kabisa, nikimulika na simu. Nikakuta mpira, soksi moja, na chuchu ya chupa ya mtoto iliyopotea zamani. Mbuzi hamna.

Nikauliza nyumba nzima. Mume wangu akasema hajaiona, kwa sauti ya mtu ambaye hata kitu kingekuwa mapajani mwake angesema hajakiona. Mwanangu mkubwa, wa miaka saba, tunamwita Kaka kwa sababu wadogo zake wanamwita hivyo, akatizama dari. Kibibi, wa miaka minne, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

Tuliikuta kwenye tenga la nguo chafu, imefunikwa kanga yangu, na mbele yake pamewekwa kipande cha boflo.

"Nimemficha," akasema Kibibi. "Baba asimchinje."

Kumbe jioni ile alimsikia baba yake akizungumza kwenye simu na ndugu zake wa Makunduchi: mbuzi tumeshampata, mnene, kesho tukitoka kusali tunamchinja. Na kwa Kibibi, mbuzi anayemjua kwa karibu ni mmoja tu, naye anakaa uvunguni.

Nikamweleza kwamba yule mbuzi wa Makunduchi anakula majani na ana mkia. Kaka akaingilia kati na elimu yake ya skuli: wa kuchinjwa unasema "huyu", ya nazi unasema "hii". Kibibi akafikiri kidogo, makamasi yanamtoka.

"Basi huyu hii asichinjwe."

Tangu usiku ule, nyumbani kwetu mbuzi ya nazi ina ngeli yake peke yake. "Mama, nikuletee huyu hii?" Mimi mwenyewe nimeshaikubali.

Kwa wewe unayesoma huku nazi kwako inatoka kwenye pakti, nieleze kidogo. Mbuzi yetu ni mbao mbili za mfenesi zilizopitana, ukizifungua zinasimama kama marufaa ya msahafu. Ile ndefu ndiyo ya kukalia, nayo imechomoza shingo mbele, na mwisho wa shingo pana ulimi wa chuma wenye meno. Mfenesi ukiwa mpya ni wa manjano. Huu sasa umekuwa rangi ya chai isiyo maziwa, kwa mafuta ya nazi na jasho la watu. Pale pa kukalia pamebonyea, na pamebonyea zaidi upande wa kulia, kwa sababu Bibi yangu alikuwa akikaa ubavu, miguu yote miwili kulia. Mimi naipanda kama mpanda punda, basi kila nikikuna najikuta nateleza kuelekea kulia, kuelekea alikokuwa akikaa yeye, najiweka sawa, nateleza tena.

Aliyeichonga ni Babu, kwa mkono wake, huko Wete, Pemba, kabla ya Mapinduzi. Mwaka wenyewe hakuna aujuaye. Bibi hakuhesabu miaka, alihesabu misimu ya karafuu, na mbuzi hii aliiweka kwenye msimu ambao mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakakatika. Msimu ukifika, karafuu za mchana zilichambuliwa usiku: karafuu huku, makonyo kule, kesho zianikwe kwenye majamvi. Wajukuu tulikaa chini kwenye mkeka. Bibi magoti yalikuwa hayampi ruhusa, akikalia mbuzi, ulimi wa chuma kaugeuzia ukutani tusije tukajikata. Vidole vyake vilikuwa vikichambua vyenyewe na yeye anatutolea hadithi. Akisema "Paukwa!" na sisi hatukuitika "Pakawa!" kwa nguvu, hadithi ilisimama, lakini karafuu hazikusimama.

Mbuzi ilivuka bahari kuja Unguja kwa ajili ya giza. Wengi wenu mnalikumbuka. Disemba 2009 waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Dar es Salaam ulipata hitilafu huku unakoingilia, Fumba, na Unguja nzima ikakaa bila ya umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mimi nilikuwa msichana, naishi kwa mama kwenye majumba haya haya ya Michenzani, jengine si hili. Umeme ukikosekana na maji hayapandi, basi tulibeba ndoo ngazi kwa ngazi, samaki tukanunua wa kula leo tu, na usiku majenereta ya maduka yakinguruma mpaka yakizimwa unahisi masikio yameziba.

Bibi akaja Januari. Alitoka Wete kwa gari ya abiria mpaka Mkoani, akapanda meli, akashuka Malindi na furushi lake. Ndani ya furushi, juu ya mihogo na boksi la halua, mbuzi imeviringishwa kanga. Alipofika mlangoni kwetu alikaa kitako kwenye ngazi kwanza apumue, kisha akasema, "Nyie watu wa Unguja, dhoruba iliwanyang'anya mikarafuu, sasa waya umewanyang'anya umeme."

Dhoruba yenyewe ni ya mwaka 1872, lakini aliizungumza kama ya juzi. Mpemba yeyote aliyekula chumvi hujipa haki hiyo: mikarafuu ya Unguja ililala chini, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo ukitaja karafuu umetaja Pemba. Ambalo hakulisema ni kwamba wao wenyewe siku zile umeme wao ulikuwa wa majenereta ya Wesha, na waya wa kutoka Tanga uliwafikia mwaka huohuo wa 2010, yeye keshatucheka keshamaliza.

Nyumba ya chini yetu walikuwa na blenda ya kijani waliyoifunika kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi. Ilikaa hivyo miezi mitatu. Wiki ya pili ya Bibi, hodi ya kwanza: "Tumekuja kumuazima mbuzi." Ya pili, ya tatu. Kufika Februari mbuzi ilikuwa inalala kwetu lakini mchana haikai. Hairudi mikono mitupu: leo imerudi na vitumbua vitatu, kesho na bakuli la mchuzi wa papa, siku moja ilirudi na mwana wa mtu ambaye mama yake alikuwa na shughuli mpaka Alasiri. Sharti la Bibi lilikuwa moja, ioshwe, ianikwe, ndipo irudi. Ikirudi na chicha lililochacha kwenye meno, aliyeazima alisemwa kwa sauti ya upole kabisa, mlango wazi, jumba zima lisikie.

Umeme ulirudi Machi. Watu walipiga vigelegele kwenye vibaraza, na nyumba ya chini wakaifunua blenda. Wiki moja baadaye tulimpeleka Bibi bandarini, furushi lake jepesi. Mbuzi aliiacha kwangu. "Kaa nayo," aliniambia. Halafu kama mtu aliyekumbuka kwamba maneno haya yana mlango wa nyuma, akaongeza: "Ikalie, nimesema. Si kuiweka."

Sasa niseme kweli, blenda na mimi ninayo. Natoka kazini saa tisa na nusu, nampitia Kibibi, nafika nyumbani mdogo keshaanza kulia kwa dada anayemuangalia. Siku hizo nazi inakatwa vipande, inatupwa kwenye blenda na maji ya moto, dakika mbili tui liko kwenye chujio. Linakuwa na rangi ya kijivu kidogo kwa sababu blenda inasaga mpaka lile ganda la hudhurungi, lakini mchuzi wa Jumanne hauna haja ya uzuri. Anayenambia yeye anakuna kila siku na ana watoto watatu, namuuliza nani anawaosha.

Jumapili ndiyo siku ya mbuzi. Kaka ndiye mkunaji wangu. Nilianza kumfundisha mwaka jana, na wapo waliosema mtoto wa kiume umkalishe kwenye mbuzi ya nini. Wana wa Bibi wote wanne walikuna, na mmoja wao mpaka leo akija hapa haulizi, anakunja mikono ya kanzu na kuuliza nazi ziko wapi. Nilimwambia Kaka yale niliyoambiwa: anza ukingoni, zungusha kizio, usichimbe sehemu moja. Ukiona hudhurungi umeshafika kwenye kifuu, acha, utalichafua tui. Mara ya kwanza aliacha nusu ya nazi kwenye kifuu. Mara ya pili akajikata kidole cha shahada, akalia, akafungwa kitambaa, akarudi kuketi kwa sababu Kibibi alikuwa ameshaanza kuipanda yeye. Siku hizi nazi moja inamchukua muda wa mimi kuosha mchele na kukata vitunguu.

Na anazungumza. Hilo sikulitarajia. Ukimuuliza mtoto huyu uso kwa uso "skuli kulikuwaje?" anasema "kuzuri" na kuondoka. Mweke kwenye mbuzi, mgongo kakupa, mikono ina kazi: kufika kizio cha pili anakwambia nani kampiga nani, nani haleti hela ya chakula na anashinda na maji ya mferejini, nani kalia chuoni kwa sababu kasahau aya. Habari ya yule mtoto wa maji ya mfereji niliipata kwenye kizio cha tatu. Tangu siku ile Kaka anabeba maandazi manne badala ya mawili.

Kazi ya Kibibi ni kukamua. Tunamuosha mikono mpaka kwenye viwiko, tunamwekea chicha kwenye bakuli na maji ya uvuguvugu, anaminya na kuhema kama mchukuzi wa bandarini. Tui la kwanza lile zito, kasimile, naliweka pembeni la kumalizia. La pili jepesi ndilo linalochemshia wali. Kasimile yangu kila Jumapili inapungua kidogo, na Kibibi kila Jumapili ana masharubu meupe, na hakuna anayejua lolote.

Mchele wetu wa kawaida ni mapembe, wa Mbeya tukijaaliwa. Naanzia kwenye gesi, maji yakikaribia kukauka naishusha sufuria kwenye seredani pale kibarazani, napalia makaa juu ya kifuniko. Ningeweza kumalizia kwenye gesi. Lakini gesi haitoi ukoko ule, mwembamba, wa dhahabu, unaobanduka mzima kama sahani, una mafuta ya nazi juu. Ukoko ndio unaowafanya watoto wangu wawili wakae kimya wakihesabu chembe za mwenzake. Mdogo ana miezi tisa, hana meno ya kazi hiyo, ananyonya kipande mpaka kinalainika.

Idi Ndogo ya mwaka huu akaja Mama Mdogo kutoka Muscat. Yuko huko zaidi ya miaka thelathini, ni kitindamimba wa Bibi. Alikuja na udi, bukhuri, nguo za watoto zenye kumetameta, na halua ya Oman ambayo yeye mwenyewe alisema haifikii ya Wete. Alipoingia chumba cha mbele alimkuta Kibibi anatizama katuni, kakalia mbuzi, kaupachika mguu mmoja juu ya shingo yake.

"Kitu cha mama yangu hichi!"

Kibibi akashuka. Mama Mdogo akapiga magoti kwenye zulia na nguo yake nzuri, akaipitishia mkono mbuzi kama anavyopapaswa mtoto mgonjwa. Alikuwa hajaiona tangu aolewe. Jioni ile, tukinywa chai, akasema angependa kwenda nayo. Ana kabati la vioo, taa ndani, mrashi wa Bibi umo, na doti ya kisutu aliyoolewa nayo Bibi imekunjwa imo. Mbuzi ingekaa katikati. Isingeshikwa na mtu.

Mimi nikamwambia yale ya bandarini: ikalie, si kuiweka.

"Na bakuli je?" akaniuliza.

Hapo alinipata. Bibi aliniachia na bakuli la kauri, jeupe, na maua ya bluu ukingoni. Na lenyewe nilisema halitakaa kabatini, nyumba hii haina makumbusho. Nikampa Kibibi uji ndani yake. Liliishi siku tatu. Vipande vyake viko kwenye mfuko juu ya kabati, siwezi kuvitupa wala kuvitizama, na Mama Mdogo anajua kwa sababu mama yangu hana siri na mdogo wake. Basi sikuwa na la kujibu. Nikamimina chai. Na kikubwa zaidi, yule alikuwa mamake. Mimi ni mjukuu tu, niliyebahatika kuwa karibu umeme ulipokatika.

Siku mbili tulizunguka hilo bila ya kulitaja. Lililotuokoa ni kwamba ulimi wa mbuzi ulikuwa umelegea. Nilikuwa nalijua muda mrefu, kila nikikuna unacheza kama jino la maziwa, na meno yenyewe yameshaliwa mpaka yamebaki mawimbi. Jumamosi tukaenda kwa fundi mmoja wa vyuma Mwanakwerekwe, mimi, Kaka na Mama Mdogo, mbuzi tumeipakata kwa zamu ndani ya daladala. Fundi akauminya ulimi kwa vidole viwili, ukapinda. Akasema hauchomeleki, umekuwa kama karatasi, atatia mpya. Mama Mdogo akamuuliza mara tatu kama ana hakika.

Akaing'oa misumari. Mmoja ulitoka wenyewe, mwengine ulikatikia ndani. Ulimi ulipotoka aliutupa kwenye lundo la vyuma vyake, na Mama Mdogo, mwanamke wa miaka sitini na pete za dhahabu vidoleni, akainama akachakura kwenye lile lundo mpaka akaupata. Akaufuta kwa ncha ya mtandio wake. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, nikajua kabati la vioo limepata cha kuweka. Uliondoka naye wiki iliyofuata, ndani ya soksi, ndani ya boksi la maandazi, kwenye begi kubwa wala si la mkononi, maana nani angekaa pale uwanja wa ndege kumweleza askari kwamba chuma hichi chenye meno ni urithi.

Kwenye daladala la kurudi Kaka alikuwa na swali. "Sasa mbuzi wa Bibi anakwenda Muscat au anabaki hapa?"

"Anakwenda Muscat," akasema Mama Mdogo.

Tulipofika nyumbani akamuuliza na mama yangu, aliyekuwa amekuja kumshika mdogo. "Anabaki hapa," akasema mama yangu, wala hakuinua macho kwenye mchicha anaouchambua.

Lakini Kaka alikuwa na kitu chengine, ngumi kaifumba tangu Mwanakwerekwe. Fundi alipoigonga mbao kuutoa ule msumari uliokatikia, kutoka kwenye ufa pale ulimi ulipokuwa umekaa kiliruka kitu cheusi, yeye akakidaka. Akafungua ngumi juu ya meza. Karafuu. Moja, kavu, imekunjamana, kichwa chake kimesalia nusu.

Mama yangu akaacha mchicha. Mama Mdogo akavaa miwani. Wakaanza kubishana ni ya msimu gani, kama ni wa ile nyumba ya zamani au baada ya kuhamia kwa juu, nani alikuwa akichambua, nani alikuwa analala na kumwachia mwenzake kazi. Mmoja akasema Babu alikuwa hai. Mwengine akasema haiwezekani. Mama Mdogo akaanza kutafuta karatasi laini kwenye mkoba wake, aifungie. Mimi nilikuwa natafuta kijichupa cha dawa kisafi, na moyoni nilikuwa nishapanga kitakaa wapi.

Kibibi alikuwa amesimama kwenye kiti. Hakuna aliyemuona anyooshe mkono. Tulisikia tu kwaru, kwaru, tukageuka sote, katikati yetu meza tupu, na yeye anatafuna, macho kayatoa, anasubiri ule ukali anaoujua wa karafuu ya pilau, ule unaomfanya ateme na kukimbilia maji.

Akatafuna tena. Akameza.

"Haina kitu," akasema. "Nazi hamvunji leo?"